Tulikula Mkate wa Wasudani, Tukanyamaza



Ndugu msomaji, usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni 2019, tukiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, tuliswali tarawehe katika msikiti mmoja wa hapa Arusha mjini. Ilikuwa baridi ile ya Juni ambayo wakazi wa chini ya Mlima Meru wanaijua, na watu walisogeleana katika safu bila ya kuhimizwa. Alfajiri ya siku hiyo, mjini Khartoum, askari walikuwa wamevamia uwanja ulio mbele ya makao makuu ya jeshi na kuwafyatulia risasi raia waliokuwa wamekaa pale kwa karibu miezi miwili wakidai utawala wa kiraia. Zaidi ya watu mia moja waliuawa, na baadhi ya maiti zilitupwa katika Mto Nile. Wauaji ni Waislamu, waliouawa ni Waislamu, na mwezi ulikuwa mtukufu.

Kabla ya witri, kijana mmoja alisimama akamwomba imamu awakumbuke Wasudani katika qunuti. Alijibiwa kwamba wale ni watu walioiangusha serikali ya Kiislamu kwa kelele za barabarani, basi wavune walichopanda. Kijana akaketi. Katika msikiti ule mlikuwa na walimu wasiopungua watatu tuliosoma Sudan, tukiijua Khartoum mtaa kwa mtaa. Hakuna aliyefungua kinywa.

Makala haya tunayaandika kwa sababu ya ukimya ule. Hatumlaumu imamu peke yake, kwani yeye hakuwahi kufika Sudan na alisema alichokisikia. Lawama kubwa ni yetu sisi tuliojua.

Ni nini kilichotufunga midomo? Tuseme ukweli: ni mkate. Kwa zaidi ya miaka thelathini, vijana wa Kiislamu kutoka Tanga, Kondoa, Ujiji, Zanzibar na huku kwetu kaskazini wamekwenda Khartoum kutafuta elimu ambayo hawakuwa na njia nyingine ya kuipata. Kituo cha Kiislamu cha Afrika, ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa Jamia ya Kimataifa ya Afrika, kiliwapokea watoto wa wakulima wasio na nauli ya kurudia nyumbani. Vyuo vingine vilifanya hivyo hivyo. Mtu alilala bure, akasoma bure, na asubuhi akapewa mkate na sahani ya maharage ya fuul. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwa hao. Kiarabu tunachokifundisha leo tulikipata huko, na hata sasa tukighafilika mbele ya wanafunzi tunaitamka qaf kwa ile lahaja ya Kisudani, wakacheka.

Basi tulipoisikia Sudan ikisemwa vibaya, tuliona kama anasemwa mzazi. Na serikali ile ilijua thamani ya hisia hiyo. Ilijiita serikali ya Uokovu, ikapandisha bendera ya Sharia, ikatuambia kwamba kila anayeipinga ni adui wa Uislamu. Tuliamini, au tulijifanya kuamini, kwa kuwa sahani ilikuwa mbele yetu.

Lakini mkate ule ulikuwa wa nani? Hakuuoka Omar al-Bashir. Ulitokana na ngano, kodi na jasho la mkulima wa Gezira, mchukuzi wa Port Sudan na mama muuza chai wa Omdurman anayekaa kwenye kibao kidogo kando ya barabara kuanzia alfajiri. Hao ndio waliotusomesha. Na mwezi Disemba 2018, bei ya mkate ilipopanda kutoka pauni moja hadi tatu, wenyewe ndio waliokosa mkate. Tarehe 19 Disemba watu wa Atbara, mji wa reli, waliingia barabarani. Maandamano yakaenea nchi nzima. Sisi tulioshibishwa na watu wale tukajiona tuna deni kwa mtawala wao, na kwao hatuna.

Wapo watakaosema: ninyi mmeingiwa na fikra za kimagharibi, mnaichukia Sharia. Hasha. Hatusemi kwamba Sharia ilishindwa Sudan. Tunasema iliibwa, ikatumiwa kama mjeledi kwa wanyonge na kama pazia kwa wakubwa. Tazama mambo mawili tu. Mwezi Disemba 1989, miezi michache baada ya mapinduzi, kijana mfanyabiashara aitwaye Majdi Mahgoub alinyongwa kwa kosa la kukutwa na fedha za kigeni nyumbani kwao. Mwaka 2019, Bashir alipoondolewa, nyumbani kwake zilikutwa takriban euro milioni 7, dola zaidi ya 350,000 na mamilioni ya pauni za Sudan. Tarehe 14 Disemba 2019 mahakama ilimtia hatiani, ikaamuru akae miaka miwili katika nyumba ya kurekebisha tabia kwa sababu ya umri wake. Yule alinyongwa, huyu akahurumiwa uzee. Mtume (S.A.W.) alikwisha kutueleza kilichowaangamiza waliokuwa kabla yetu: akiiba mkubwa wao humwacha, akiiba mnyonge humsimamishia adhabu. Kila mwanafunzi wa darasa la pili la madrasa yetu anaijua hadithi hiyo.

Na sheria za nidhamu ya umma! Mwaka 2009 mwandishi wa habari Lubna Hussein alikamatwa mgahawani pamoja na wanawake wengine kwa kosa la kuvaa suruali, na baadhi yao wakachapwa viboko. Dola iliyokuwa na macho ya kuiona suruali ya mwanamke haikuwa na macho ya kuviona vijiji vya Darfur vilivyokuwa vikiungua tangu 2003. Darfur ilikuwa sultani ya Kiislamu kwa karne kadhaa, na watu wake wanasifika kwa kuhifadhi Qur'an. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa katika vita vile. Tuliketi darasa moja na vijana wa Darfur, tukiwaona wakinyamaza kila mada hiyo ilipoguswa. Hatukuwauliza wanachonyamazia.

Hapa inatupasa kusema jambo linalohusu mji wetu. Kwa takriban miaka ishirini, hadi mwisho wa 2015, Arusha ilikuwa makao ya mahakama ya kimataifa iliyowahukumu wauaji wa Rwanda. Mwezi Disemba 2006 ilimtia hatiani padri mmoja wa Kikatoliki, Athanase Seromba, ambaye kanisa lake la Nyange lilibomolewa kwa tingatinga juu ya waumini waliokimbilia humo. Tunakumbuka mazungumzo ya Waislamu kwenye mabaraza ya kahawa ya Arusha: kanzu ya padri isiwe ngao, haki ichukue mkondo wake. Maneno ya kweli kabisa. Machi 2008 rufaa ikampandishia padri yule kifungo kuwa cha maisha. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2009, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati ya kumkamata Bashir kwa mambo ya Darfur, mabaraza yale yale yalisema ni njama dhidi ya Uislamu. Tunakubali kwamba mahakama ile ina upendeleo wake, na kwamba wakubwa wa dunia waliomwaga damu Iraq hawakuguswa. Umoja wa Afrika nao ulilalamika. Lakini katika mazungumzo yetu, maiti za Darfur hazikutajwa kabisa. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatutaka tusimame na uadilifu hata kama ushahidi utakuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kumbe sisi tulikuwa na uadilifu wa kumpelekea jirani tu.

Tuje kwenye hoja nzito, ile inayowazuia wengi wenye nia njema. Wanasema: kumtoka mtawala Mwislamu ni haramu, na wanazuoni wa Ahlus-Sunna wameonya juu ya fitna. Hoja hii hatuidharau. Imam Ahmad bin Hanbal, ambaye mgongo wake ulichanwa kwa mijeledi ya watawala, aliwakataza watu wa Baghdad waliotaka kumwasi al-Wathiq, akiwakumbusha damu zitakazomwagika. Lakini mtu mwadilifu huichukua hoja hadi mwisho wake. Kama kutoka dhidi ya mtawala ni haramu, basi mwasi wa kwanza ni Bashir mwenyewe. Tarehe 30 Juni 1989 alikuja na vifaru usiku, kwa mpango wa chama cha Hassan al-Turabi, akaipindua serikali ya Sadiq al-Mahdi iliyokuwa imechaguliwa na Waislamu wa Sudan mwaka 1986. Mwaka uliofuata, ndani ya Ramadhani, aliwaua maofisa 28 wa jeshi waliotuhumiwa kutaka kumfanyia yeye yale aliyowafanyia wengine. Vipi upanga wake uwe halali, na mikono mitupu ya watu wa Atbara iwe haramu?

Na ni mitupu kweli. Wanazuoni wale walizungumzia upanga. Vijana wa Khartoum walipiga kelele za "silmiyya", yaani kwa amani, wakakaa chini, wakaswali pale pale, na Ramadhani ilipoingia wakafuturu pamoja barabarani. Kumwambia mtawala kwa sauti kwamba amedhulumu hakuwezi kuwa ndiyo ile khuruj ya vitabuni. Abu Bakr (R.A.) siku ya kwanza ya ukhalifa wake aliwataka watu wamnyooshe akipinda. Naye Imam Malik, ambaye madhehebu yake ndiyo ya Wasudani, alichapwa mijeledi Madina kwa kutoa fatwa kuhusu talaka ya mwenye kulazimishwa, kwa kuwa watawala walielewa kwamba na kiapo cha utii kilicholazimishwa kinaingia humo. Ajabu ni kwamba kwa jina la imamu huyo huyo watu walikaribia kuchinjwa. Baada ya Bashir kuanguka, jemadari Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu Hemedti, alisimulia hadharani kwamba Bashir aliwaambia kuwa madhehebu ya Malik yanamruhusu mtawala kuua theluthi ya watu ili waliobaki wasalimike. Kauli hiyo wanazuoni wa Kimaliki wenyewe wameikana tangu zamani kuwa haikuthibiti kwa Imam. Hivi ndivyo elimu inavyokuwa inapowekwa mfukoni mwa mtawala.

Tusimsahau pia mwalimu mwenzetu Ahmed al-Khair. Alikuwa mwalimu wa skuli katika mji mdogo wa Khashm al-Girba, jimbo la Kassala, mwenye umri wa miaka 36. Hakuwa mkomunisti wala mwenye kuichukia dini, kwani alitoka katika chama alichokiasisi Turabi baada ya kuachana na Bashir. Alikamatwa mwishoni mwa Januari 2019, akateswa hadi kufa mikononi mwa watu wa usalama. Kwanza ilidaiwa kwamba alikula chakula kibaya. Mwezi Disemba wa mwaka ule mahakama iliwahukumu kifo watumishi wengi wa idara hiyo kwa kumuua. Waliomuua wangetupigia salamu ya Kiislamu lau tungekutana nao.

Msomaji atauliza: mbona basi leo Sudan inaungua? Bashir aliondoka tarehe 11 Aprili 2019, mwezi Agosti ikaundwa serikali ya mpito chini ya Abdalla Hamdok, majemadari wakaipindua tarehe 25 Oktoba 2021, na tarehe 15 Aprili 2023, tena ndani ya Ramadhani, majemadari hao hao wakageukiana. Zaidi ya watu milioni 10 wamehama makazi yao. Wale waliotuambia mwaka 2019 kwamba ni fitna, sasa wanasema: je, hatukuwaambia?

Hapana, ndugu zetu. Wanaopigana si wale waliokaa chini uwanjani. Wanapigana jeshi alilolikuza Bashir kwa miaka thelathini na wanamgambo aliowatengeneza Bashir. Kikosi cha RSF cha Hemedti kilianzishwa rasmi mwaka 2013 kutokana na Janjaweed, wale wale waliochoma Darfur, ili kiwe fimbo ya mtawala. Septemba ya mwaka ule ule wa 2013 tulikuwa Khartoum, bei ya mafuta ilipopanda na watu wakaandamana. Tuliamriwa tusitoke bwenini. Usiku tulisikia milio ya risasi, na asubuhi yake tukaendelea na darasa la nahau. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu waliouawa kuwa ni zaidi ya 170. Moto uliopo leo uliwekewa kuni wakati ule, sisi tukiwa ndani tunasoma. Asiyetaka fitna angeanza kulia siku ile.

Tunaandika haya wakati El Fasher imekwisha kuangukia mikononi mwa RSF, tarehe 26 Oktoba 2025, baada ya mzingiro wa takriban mwaka mmoja na nusu. Mwezi mmoja na siku chache kabla ya hapo, tarehe 19 Septemba, ndege isiyo na rubani ilishambulia msikiti wa mji huo katika swala ya alfajiri ya Ijumaa, wakafa zaidi ya watu 70. Kila mmoja wetu anayesoma karatasi hii akiwa amekaa kwenye jamvi la msikiti na aitazame safu aliyomo.

Sasa, mtu aliye Ngarenaro au Usa River atawasaidiaje watu hao? Tuanze na lile lisilokuwa haki yetu. Si haki yetu kumchochea mtoto wa mwenzetu asimame mbele ya risasi huku wetu wamelala chini ya mablanketi. Kuna watu walioko mbali wanaoshangilia vita vya wengine kana kwamba ni mpira, kila mmoja na upande wake, na katika vita hivi wapo Waislamu wanaolitetea jeshi kwa kuwa tu wamo ndani yake masalia wa serikali ya zamani. Uamuzi wa kusimama au kukaa ni wa Wasudani, nao ndio wanaoulipia.

Lakini aliye mbali ana ulimi, ana mfuko na ana dua. Wasudani wenyewe walio Ghuba, Uingereza na Marekani walituonyesha njia mwaka 2019, walipoandamana mbele ya balozi za nchi yao, wakachangia matibabu ya majeruhi, na mtandao ulipokatwa mwezi Juni wakawa wao ndio sauti ya ndugu zao. Baada ya vita kuanza, kamati za mitaa zilizoandaa maandamano ndizo zilizogeuka kuwa vyumba vya dharura, wakipika katika vyungu vikubwa vya jumuiya wanavyoviita takaya, wakihamisha wagonjwa, wakizika maiti. Mwaka 2025 walipewa Tuzo ya Right Livelihood. Sehemu kubwa ya fedha zao hutoka kwa ndugu walio nje, kidogo kidogo, kupitia simu. Wasudani huliita jambo hili nafir, watu kuitana kwa kazi moja. Ndugu zetu Wapare wanalijua kwa jina la msaragambo.

Nao wametutangulia kwa wema. Mwezi Aprili 2023 Watanzania wapatao mia mbili, wengi wao wanafunzi, waliondolewa Khartoum wakapitia Ethiopia hadi Dar es Salaam. Mmoja wao alitusimulia kwamba siku ambazo maji yalikatika, jirani yao mzee wa Kisudani aliwagawia kutoka katika pipa lake, akianza na wageni kabla ya wajukuu zake. Kijana yule alipoondoka, mzee alibaki. Hajui kama yu hai.

Wiki mbili zilizopita tulimwendea imamu wa msikiti ule wa 2019 tukamweleza yote tuliyopaswa kumweleza usiku ule. Alisikiliza kwa muda mrefu, akauliza kwa nini hatukusema. Hatukuwa na jibu zuri. Ijumaa iliyofuata alisoma qunuti katika swala ya alfajiri na kuwataja watu wa Sudan, na baada ya swala ya Ijumaa sanduku liliwekwa karibu na rafu ya viatu. Fedha zitapelekwa kwa mwanafunzi mwenzetu wa zamani aliyerudi Omdurman, ambaye yeye na majirani zake wanapika dengu kwa familia za mtaa wao mara moja kwa siku. Daftari la michango tumemkabidhi yule kijana aliyesimama kabla ya witri. Sasa ni baba wa watoto wawili, na anauza vipuri vya pikipiki. Alilichukua bila ya kutukumbusha chochote. Walimu wengine mliosoma Sudan, majina yenu anayo.